Matete ya kinyunguni

Mufindi

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Sisi huku hatujambo, na mama yako ameshaanza kuvuna mahindi mabichi. Umeniuliza kwa nini nimekataa kufyekwa kwa sehemu ya juu ya kinyungu, yaani shamba letu la bondeni lenye majimaji, ilhali kaka yako yuko tayari kuilima na matete hayatuingizii hata senti.

Sehemu ya chini niliifyeka mwenyewe nikapanda milingoti (mikaratusi), kwa kuwa majirani wote walikuwa wakipanda. Miti ikanywa maji, mafunjo yakakauka, na sasa limebaki dimbwi moja la wazi wanakonywa ng'ombe. Ukipita pale mchana utakuta kereng'ende wekundu tele, hata ukadhani wadudu hawajapungua. Kumbe walio wengi ni wa aina moja tu.

Juzi nilishinda asubuhi nzima kwenye matete ya juu. Kuna wale kereng'ende wembamba ambao wakitua hukunja mabawa mgongoni. Jike lao hutoboa shina la mmea ulio majini na kutia mayai humo ndani, moja baada ya jingine, huku dume likiwa limemshika shingoni kwa ncha ya mkia. Yule mwekundu hana haja ya shina: huchovya mkia majini, akadondosha mayai, akaenda zake. Kwa hiyo panga langu lilimfukuza mmoja na kumwachia mwenzake uwanja.

Kwenye tete moja nilikuta gamba kavu la kereng'ende lililopasuka mgongoni, kucha zikiwa bado zimeng'ang'ania, na ndani yake vijiuzi vyeupe vilivyokuwa mirija ya hewa. Mwenyewe alikuwa ameishi majini akila viluwiluwi wa mbu, kisha akapanda hapo kujivua na kuruka. (Mama yako alidhani ni nge, akanitaka nilitupe.)

Kaka yako anajua pia kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na kijito chetu huingia Ruaha Mdogo, ambao humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, mto ulioanza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Hata hivyo, mimi sikumkatalia kwa ajili ya sheria. Nilikwisha kuona nilichofanya kule chini.

Nimempa kipande cha mlimani apande maharage. Amenuna, lakini jembe amelichukua.

Baba yako