Risala ya Kikundi cha Wasomaji kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kikundi,
Viongozi wetu wa serikali ya mtaa,
Wazee wetu, wasomaji wenzetu, mabibi na mabwana,
Itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe kwa kuukubali mwaliko wetu. Tunajua kazi ya uhariri haina Jumamosi, na huenda hata sasa simu yako inatetemeka mfukoni kwa sababu ya ukurasa wa mbele wa kesho. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani, ingawa utasikia mengi yanayowahusu watu wa nyumbani kwako.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi ni wasomaji tu. Hakuna kati yetu aliyesomea uandishi wa habari. Wamo walimu, mafundi cherehani, mama lishe, vijana wa bodaboda na wastaafu ambao muda wao wa kusoma umeongezeka kuliko pensheni yao. Tunachanga, tunanunua magazeti machache, tunayasoma kwa zamu, kisha tunabishana. Ukitaka kujua ukurasa upi unapendwa, angalia ulivyochakaa: wa michezo unarudi umelegea kama noti ya zamani, wa uchumi unarudi na mkunjo ule ule uliotoka nao kiwandani. Tukishabishana vya kutosha, tunamwandikia mhariri barua. Nyingine huchapishwa. Nyingine tunaamini bado zinasomwa.

Leo tunafunga mwaka wetu wa usomaji, na badala ya kukusomea orodha ya mafanikio na changamoto kama ilivyo desturi, tumeona tukueleze yaliyotukera na tunayoyaomba kuhusu habari za jamii, michezo na utamaduni.

Ndugu Mgeni Rasmi, lililotuuma kuliko yote ni hili. Fainali ya netiboli ya kata yetu ilimalizika kwa tofauti ya goli moja, na goli hilo liliingia mwamuzi akiwa tayari na filimbi mdomoni. Mfungaji alikuwa na bandeji gotini tangu robo ya pili. Uwanja ulivamiwa, kina mama walimbeba binti wa watu juu juu, na mzee mmoja tunayemfahamu kwa ukimya wake alionekana akipunga koti. Mwandishi wa habari alikuwepo. Tulimwona kwa macho yetu, daftari mkononi.

Habari ilipotoka, kichwa chake kilisema mgeni rasmi amewataka vijana waepuke dawa za kulevya. Aya ya kwanza, mgeni rasmi. Aya ya pili, mgeni rasmi. Aya ya tatu inaanza na "aliongeza kuwa", ya nne inaanza na "aidha". Picha ni ya mgeni rasmi akirusha mpira kuashiria ufunguzi, nao mpira wenyewe umekatwa na ukingo wa picha. Mwisho kabisa, kwenye mstari wa kuzibia nafasi, tukaarifiwa kwamba hafla hiyo iliambatana na mchezo wa netiboli. Nani alishinda? Kwa magoli mangapi? Yule binti mwenye bandeji ni nani? Ukisoma habari ile mara kumi hutajua. Gazeti lenyewe hatulitaji. Tutasema tu kwamba si la kwako, ili ukumbi upumue.

Tunalisema hili mbele ya mgeni rasmi, tukijua vizuri tunachokifanya. Hatuna ugomvi na hotuba, na dawa za kulevya ni janga kweli. Kilio chetu ni kwamba habari nyingi za mitaani kwetu haziwi habari mpaka aje mkubwa, na akishakuja, yeye ndiye anayekuwa habari.

Ndugu Mgeni Rasmi, haikuwa hivi siku zote. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, likisimamiwa na Idara ya Elimu. Hapakuwa na gazeti la wakubwa kulizidi. Hata hivyo kurasa zake zilipokea habari kutoka wilayani, barua na mashairi ya wasomaji. Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji walilumbana humo kuhusu dansi: je, kijana anayevaa suruali iliyopigwa pasi na kwenda dansini ni mstaarabu au amepotoka? Mmoja alileta barua, mwingine akamjibu kwa shairi. Hatuulilii ukoloni hata chembe. Tunashangaa tu kwamba karani na mwalimu wa enzi zile walipata nafasi ya kubishania muziki wa mji wao gazetini, na mjukuu wao leo anaambulia mistari michache chini ya tangazo, tena ikiwa imepunguzwa mpaka hoja imedondoka.

Na kama mnataka mfano wa habari ya jamii iliyoandikwa kwa ukamilifu, sikilizeni tangazo la kifo redioni. Marehemu anatajwa kwa jina lake lote, watoto wanatajwa, shemeji wa mbali wanatajwa, kijiji cha maziko na saa yake. Kila jina linaheshimiwa. Mwenzetu mmoja mkorofi huwa anasema mtu wa kawaida hutajwa jina sawasawa siku hiyo tu, wakati yeye mwenyewe hasikii.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa michezo. Hapa tutembee taratibu, maana ukumbi huu una pande mbili na zote mbili zimekaa na jezi ndani ya mashati. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo hakuna aliyelala mapema. Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 tulisoma kila neno, na Simba ilipofika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 tukasoma tena, hata wale waliojidai hawasomi. Hatuombi timu hizi zinyimwe kurasa. Tunalalamikia siku zisizo na mechi, kurasa zile zinapojazwa tetesi za usajili. Jumatatu mchezaji "atua kimya kimya". Jumanne "agoma". Jumatano "aaga rasmi". Alhamisi tunaambiwa hakuwahi kuondoka nyumbani kwao.

Wakati huohuo, medali mbili tu za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kupata zilitoka kwenye riadha, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Bayi huyo huyo aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Halafu akaja Alphonce Simbu. Septemba 2025, huko Tokyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Walitenganishwa na picha ya utepe wa mwisho. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo.

Kwa siku kadhaa Simbu alikuwa kila mahali, na alistahili. Lakini mtu huyu alikuwa na shaba ya dunia tangu London mwaka 2017, na Aprili ya mwaka huo huo wa 2025 alimaliza wa pili Boston. Kati ya medali na medali, sisi wasomaji tulikuwa tukimpata kwa vijisehemu. Tungependa kujua mkimbiaji wa marathoni anaamka saa ngapi, anakula nini, kiatu chake kinadumu kwa kilometa ngapi, nani anashika saa pembeni ya barabara. Hizo ni habari. Tena mabingwa wa kesho wako kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, wanakimbia peku kwenye viwanja vilivyochorwa kwa majivu, na matokeo yao yanabaki kwenye daftari la mwalimu wa michezo.

Ndugu Mgeni Rasmi, upande wa utamaduni ndio unaotutia uchungu zaidi. Gazetini kuna sentensi moja inayozunguka nchi nzima: "Vikundi vya ngoma vilitumbuiza." Ngoma gani? Ya wapi? Wachezaji wamekaa juani tangu asubuhi wakisubiri msafara, wamepaka vumbi na mafuta, njuga miguuni, na wanachoambulia ni maneno manne.

Tuna mwenzetu kutoka Usukumani. Jioni moja alituhadithia habari za Wagika na Wagalu, jumuiya mbili za wachezaji ngoma ambazo ushindani wake unaanzia karne ya 19, kutoka kwa waganga wawili waliogombania nani ana dawa kali zaidi. Mpaka leo, kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora mwezi Juni, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Msemaji wa mwisho ni miguu ya watazamaji: upande uliovuta umati mkubwa ndio ulioshinda. Basi mchezaji hawezi kutegemea mguu peke yake. Anakuja na kioja, na vazi la kushtua, pengine na nyoka mkononi, mradi upande wa pili ubaki unachezea vumbi. Alipomaliza kuhadithia, kijana mmoja wa bodaboda akauliza kwa nini hajawahi kusoma jambo tamu kama hilo kwenye gazeti analolichangia kila wiki. Hatukuwa na jibu. Tukaamua swali hilo tukuwekee wewe.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye sahani za santuri. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akiwa bibi wa kuheshimika anayepiga ngoma kwa nguvu za kijana. Alipofariki Aprili 2013 magazeti yalimwandika kwa kurasa, na yaliandika vizuri. Je, wapigaji wa leo, wa zumari, wa marimba, wa zeze, nao wasubiri siku hiyo?

Ndugu Mgeni Rasmi, tunajua utajibu nini. Utasema gazeti ni biashara, na kichwa cha habari chenye Simba au Yanga ndicho kinachomfanya mpita njia atoe mkono mfukoni. Ni kweli. Lakini dunia imegeuka. Matokeo ya Simba na Yanga tunayapata kwenye simu kabla refa hajafika chumba cha kubadilishia nguo. Gazeti likifika kwetu kesho yake mchana, na huku mbali hufika mchana kweli, linatusimulia tunachokijua. Netiboli ya kata, mashindano ya kwaya, ngoma za mavuno, hayo hakuna simu itakayotuletea, na atakayeyaandika hana mshindani. Hivi yule binti mwenye bandeji, na mama yake, na shule yake nzima, wasingenunua gazeti lenye jina lake? Wangenunua na la kuhifadhi.

Wala hatumtupii lawama zote mwandishi aliyeko wilayani. Wengi wao hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli ni yao, simu ni yao. Msafara wa mkubwa una gari lenye nafasi, una maji ya kunywa, na hotuba imekwisha chapwa, ni kunakili tu. Fainali ya netiboli haina gari. Mtu mwenye njaa ataandika pale gari linapokwenda, na hili ni la kwenu ninyi wenye vyumba vya habari kulitatua.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu si ya mabati wala saruji, na kompyuta hatuombi. Tunaomba habari ya mchezo ianze na mchezo. Tunaomba ngoma itajwe jina lake na mahali pake, na kiongozi wa ngoma atajwe kama anavyotajwa nahodha. Tunaomba barua ya msomaji ikifupishwa, hoja yake ibaki hai. Na tunaomba mwandishi wa wilayani alipwe nauli ya kwenda kwenye jambo lisilo na mkubwa, japo mara moja kwa mwezi, tuone kitatokea nini.

Sisi kwa upande wetu hatutakaa tukunje mikono. Tumeteua vijana wa kukusanya matokeo ya kata: nani kacheza na nani, magoli, wafungaji, na majina yaliyohakikiwa kwa wenyewe, maana jina likikosewa gazetini hata mwenye nalo hulikana. Watayatuma siku hiyo hiyo. Hawadai malipo. Wanadai tu yasomwe.

Na tuanze leo. Kabla hujawasili, Ndugu Mgeni Rasmi, hapa palichezwa fainali ya bao. Ilianza kwa kusuasua, watu wakaanza kupiga soga, lakini mshindi aliimaliza kwa namna ambayo wazee bado wanaijadili pale nyuma: safu ya mbele ya mpinzani wake ilibaki tupu wakati kete za mkononi hazijaisha. Kikundi cha ngoma kilichokupokea getini nacho kina jina, kina kiongozi, na kimetembea kwa miguu kuja hapa. Yote hayo yameandikwa kwenye karatasi iliyo mezani mbele yako, chini ya glasi ya maji. Hotuba yako tunaisubiri kwa hamu, na ikiandikwa gazetini tutafurahi kuiona aya ya tatu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.