Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaounda Kurasa za Wavuti: Mmeacha Klasi, Hamjaacha Mazoea

Wanangu,

Nimesoma msimbo wenu mwingi siku hizi, mwingine kwa furaha, mwingine nikiwa nimeshika tama. Sina kifua cha kujitapa mbele yenu. Sisi tuliowatangulia tulikuwa tukiificha hali ya ukurasa, yaani data inayobadilika mtu anapoutumia, ndani ya HTML yenyewe, kisha tunarudi kuichokonoa huko huko kila kitufe kinapobonyezwa. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni.

Toleo la 16.8 la React, maktaba ya JavaScript ya kuunda kurasa, lilipotoka Februari 2019 likiwa na useState (ya kutunza hali ndani ya fanksheni) na wenzake, wengi waliziaga klasi, mtindo wa awali wa kuandika komponenti, yaani vipande vya ukurasa. Tangu hapo komponenti zenu zote ni fanksheni, na mnajiita watu wa mtindo wa kifanksheni. Hapo ndipo ninapowakatiza. Kanzu haimfanyi mvaaji shehe. Fanksheni inayovuruga data ya wenzake kimya kimya, inayoweka ukweli mmoja mahali patatu, ni klasi ile ile iliyonyoa ndevu.

Wazo lenyewe, la skrini kuzaliwa kutokana na hali, React haikulianzisha peke yake. Elm, lugha ya Evan Czaplicki iliyotoka mwaka 2012, ilituonyesha umbo lake waziwazi: kuna hali, kuna fanksheni inayopokea hali hiyo pamoja na tukio na kurudisha hali mpya, na kuna nyingine inayopokea hali na kurudisha picha ya skrini. Basi. Redux, maktaba ya kutunza hali ya Dan Abramov na Andrew Clark, ilichota humo mwaka 2015, na redyusa (fanksheni ya kurudisha hali mpya) mnayoipa useReducer ya React leo ni ya ukoo huo huo. Skrini haina akili yake. Hali ndiyo swali, skrini ni jibu.

Sasa kosa ninalolikuta kuliko yote. Niliwahi kuandika ukurasa wa kuchagua viti. Nikahifadhi orodha ya viti vilivyochaguliwa, nikahifadhi idadi yake, nikahifadhi na jumla ya malipo, vyote nikivisawazisha kwa mkono kila kiti kilipoguswa. Baadaye nikaongeza kitufe cha kufuta vyote, nikaisahau jumla. Mtu hana kiti hata kimoja, na bado anadaiwa! Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu. Idadi ni urefu wa orodha, jumla ni hesabu ya orodha, na zote mbili hukokotolewa wakati wa kuchora. Hali ilikuwa orodha tu.

Nyinyi mnalirudia kosa langu kwa maringo zaidi: mnaiweka jumla ndani ya useState, kisha mnaandika useEffect, msimbo unaoendeshwa baada ya kuchora, ya kuichungulia orodha na kuirekebisha jumla. Komponenti inachorwa mara mbili, mara ya kwanza ikiwa na jumla ya zamani, halafu mnaniuliza kwa nini namba zinapepesa. Mnaogopa kwamba kukokotoa upya kutaichosha mashine. Orodha ya vitu mia? Kivinjari hata hakikohoi. Pimeni kwanza, uzito ukionekana kweli, useMemo, inayokumbuka jibu la hesabu, ipo.

Ndugu yake kosa hilo ni vigeu vya ndiyo-au-hapana. Inapakia? Imekosea? Imefaulu? Vigeu vitatu vinazaa michanganyiko minane, na ombi moja kwa seva lina sura nne tu: halijaanza, linasubiri, limejibiwa, limeshindikana. Michanganyiko minne iliyobaki ni mizimu, na iko siku mmojawapo utamtokea mtumiaji, duara likizunguka juu na ujumbe wa kosa ukisomeka chini yake. Wekeni kigeu kimoja chenye jina la sura, na data ikae ndani ya sura inayoihusu. Mkiandika hivyo kwa TypeScript, JavaScript iliyoongezewa aina za data, itawakatalia kusoma majibu kabla hamjahakikisha kwamba ombi limejibiwa.

Kuhusu kubadilisha kitu pale pale kilipo, React hulinganisha hali ya zamani na mpya kwa Object.is, yaani huuliza tu kama ni kitu kile kile. Ukisukuma kitu ndani ya safu ile ile na kuirudisha, kwake hakuna kilichotokea, na skrini inabaki bubu. Hiyo ni heri, maana unagundua mara moja. Kibaya ni sort, inayopanga safu pale pale ilipo. Komponenti ya chini inataka kupanga majina kwa alfabeti, kumbe inaivuruga orodha ya mzazi wake, na kosa linajitokeza mahali pasipohusika. JavaScript ya 2023 ilileta toSorted na toReversed zinazorudisha safu mpya, zitumieni. Na zile nukta tatu (...) za kunakilia data mnazozipenda hunakili ngazi ya juu tu. Anwani iliyo ndani ya mteja aliye ndani ya oda bado ni ile ile, imeshikwa na mikono miwili. Ipunguzeni hali kina, au tumieni Immer, maktaba ya Michel Weststrate inayowatengenezea nakala hizo.

Wapo wanaosema nakala hizi ni ufujaji. Mwishoni mwa 2013 David Nolen alitoa Om, maktaba iliyotumia React kutoka ClojureScript, lugha inayogeuzwa kuwa JavaScript, akaonyesha upande wa pili: data isipobadilika kamwe, kujua kama kuna jipya ni kulinganisha marejeo mawili, bila kuchungulia ndani.

Na StrictMode, kifaa cha React cha kufichua makosa, iacheni ikiwa imewashwa. Najua inaudhi kuita komponenti na redyusa mara mbili wakati wa uundaji. Lakini fanksheni safi, ikipewa hali ile ile na tukio lile lile, hutoa jibu lile lile. Yako ikiongeza vitu viwili badala ya kimoja, mwenye kasoro unamjua. Kijana mmoja aliizima ili kosa liondoke. Nilinyamaza siku nzima.

Sisemi kila kisanduku cha maandishi kiwe na redyusa. Menyu ya kufunguka na kufungwa inatosheka na useState moja, ndani ya komponenti yake. Kuipeleka kwenye hifadhi ya programu nzima ni kupiga la mgambo kwa ajili ya mlango. Redyusa naitaka pale tukio moja linapogusa vitu viwili au zaidi kwa pamoja. Wito kwa seva, saa na namba za kubahatisha vibaki nje yake. Matokeo yake yaingie yakiwa sehemu ya tukio. Hapo hata kuijaribu hakuhitaji kivinjari: unaipa hali na tukio, unatazama kilichorudi.

Nina ombi. Wiki hii chagueni komponenti yenye useEffect nyingi kuliko zote, mhesabu ni ngapi zipo kwa ajili ya kusawazisha hali na hali nyingine. Zing'oeni hizo, kisha nitumieni msimbo. Nitausoma.

Mzee wenu