Hamisi, nitafutie lile faili la replikesheni

Moshi, Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Habari za siku nyingi? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi huku wazima, ila mvua imetushika, njia ya kwenda kwa kina Shabani haipitiki tena. Mama Neema anakusalimu sana na anasema sufuria yake hajaisahau. Nisamehe kwa kimya. Tangu tuachane pale msibani kila siku nasema kesho nitaandika.

Leo kilichoniamsha ni ile seva ya barua pepe uliyotufungia ofisini. Nakutangulizia usije ukashtuka: barua zipo zote. Lakini Ijumaa ililala kwa muda wa saa sita, na aliyeilaza ni mimi.

Nilitaka kuipandisha Dovecot, ile programu inayowatolea watu barua zao, iende toleo jipya. Tulikuwa na 2.3.19 ile iliyokuja na Debian 12, mfumo wa uendeshaji wa seva, nikaitoa, nikaweka 2.4 kutoka kwenye hazina ya vifurushi ya Dovecot wenyewe. Mipangilio niliiandika upya karibu yote, maana toleo hili limebadilisha mengi. Ile mail_location uliyoizoea, inayotaja barua zinakaa wapi, imegawanywa, sasa kuna mail_driver na mail_path, na juu kabisa ya faili lazima utaje dovecot_config_version, la sivyo haiwaki. Kazi hiyo sikuionea uvivu. Ikawaka, watu wakaingia, wakasoma barua zao. Na kwa kuwa nilitaka seva zote mbili zifanane, nikaifanyia vivyo hivyo na ile ya pili, ya ghalani, usiku uleule. Hapo ndipo ninapojilaumu.

Maana nilipogeukia replikesheni, yaani seva moja kunakili barua kwenda nyingine, nikakuta haipo. Sikuamini, nikadhani imebadilishwa jina kama mengine. Haipo, wameiondoa kwenye 2.4. Amri ya doveadm sync imebaki, unaweza kulinganisha masanduku kwa mkono, lakini ule utaratibu wa seva mbili kupashana habari kila barua inapoingia umekwisha. Wewe unajua kwa nini uliuweka. Mwaka ule diski ya ofisini ilipokufa, mhazini hakukosa hata barua moja ya wanunuzi wa kahawa, kwa sababu nakala zilikuwa ghalani. Siwezi kulala nikijua kinga hiyo haipo.

Basi nikaamua kurudi 2.3. Nikapiga apt remove, nikaitoa ile hazina mpya kwenye orodha, nikapiga apt update, kisha nikasakinisha toleo la Debian. Katikati ikaniuliza kama nataka kubakiza mafaili yangu ya mipangilio, nikajibu ndiyo. Dovecot ikakataa kuwaka. Inasema haijui dovecot_config_version ni kitu gani. Nikakodolea macho ule mstari, Hamisi, nikijiuliza toleo la zamani limelitoa wapi neno la toleo jipya. Nikaangalia dpkg -l, orodha ya vifurushi, na pale kwenye dovecot-sieve, kile kifurushi cha kuchuja barua, ambayo nilikuwa sijairudisha, mbele yake kuna herufi mbili: rc. Programu imeondolewa, mipangilio imebaki. Kumbe /etc/dovecot yote ilikuwa bado ya 2.4, na mimi mwenyewe ndiye niliyejibu ibaki!

Kilichotakiwa ni apt purge, hiyo ndiyo inayofagia na mipangilio. Najua haigusi /var/vmail, zinakokaa barua zenyewe, lakini mkono ulisita. Nikahesabu kwanza faili za barua: 61,418. Nikanakili /etc/dovecot pembeni kwa cp -a, nikabonyeza, nikahesabu tena. 61,418. Hapo ndipo nilipokunywa maji.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Zile dovecot.index, faharasa za masanduku, zilizoandikwa na 2.4 nilizihamisha pembeni ili 2.3 ijitengenezee upya, ila dovecot-uidlist, orodha ya namba za barua, sikuithubutu. Nakumbuka ulivyonifokea siku ile kwamba ukiifuta hiyo, kila simu na kila kompyuta itaanza kupakua barua zote upya. Kisha nikatazama foleni ya Postfix, programu inayopokea barua kutoka nje na kuikabidhi Dovecot. Barua 143 zilikuwa zimekaa zinasubiri, maana Postfix yenyewe haikulala, ilizipokea na kuzishika. Kwa kawaida inazishikilia hadi siku tano kabla ya kuzirudisha kwa mtumaji. Nikapiga postqueue -f ili izisukume, nikawa naangalia idadi inashuka: 143, 97, 40, 6. Ya mwisho ilikuwa ya mhazini, kutoka kwa mnunuzi aliyekuwa akimsubiri tangu asubuhi.

Seva ya ghalani nayo imerudi 2.3. Lakini replikesheni bado, na ndiyo shida yenyewe inayonileta kwako. Kabla ya kuanza nilinakili dovecot.conf peke yake. Yale mafaili ya ndani ya folda ya conf.d niliyaandikia mapya juu yake, huku na ghalani, na faili lako la replikesheni lilikuwamo humo. Nakumbuka notify na replication kwenye mail_plugins, nakumbuka mail_replica. Ila sehemu ya aggregator na replicator, zile huduma zinazoendesha replikesheni, kila nikiiandika kwa kichwa inagoma, inalalamikia ruhusa za replication-notify-fifo, ule mfereji zinamopitia taarifa za barua mpya.

Kitu kingine. Nilikuwa nimefunga vifurushi kwa apt-mark hold visije vikapanda tena, halafu nikafungua. Ukivifunga hivyo hata viraka vya usalama vya Debian haviingii, na hazina ya 2.4 nimeshaitoa, kwa hiyo hakuna cha kuvipandisha. Nadhani nimefanya sawa, lakini ningependa kusikia kwako.

Bado unayo nakala ya lile faili kwenye ile kompyuta yako ya zamani? Mmiliki wa ile fifo ulimweka vmail au dovecot? Na hili ndilo linaloniogopesha zaidi: tangu Ijumaa kila seva imeishi kivyake, je, nikiiwasha replikesheni zitaungana vizuri au watu watakuta barua moja mara mbili? Nianze na sanduku langu peke yake kwanza? Debian 12 itahudumiwa hadi Juni 2028 kwa LTS (huduma ya muda mrefu), na Debian 13 tayari imekuja na 2.4, sasa muda huo ukiisha tutafanyaje bila replikesheni? Utakuja lini Moshi? Ukipata faili hata saa nane za usiku nipigie, simu sizimi.

Wako,
Elia