Vihenge vya Buffalo

Buffalo, New York

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Sisi huku hatujambo, baridi imeanza kulegea. Barua yako nimeipata, na pale unaposema mwalimu wenu amewafundisha kwamba majengo ya kisasa yalizaliwa Ulaya, mikononi mwa wasanifu Gropius na Le Corbusier, nimeshindwa kunyamaza. Sehemu kubwa ya chimbuko lenyewe iko hapa ninapoishi, kando ya mto: ni vihenge, yaani maghala marefu ya nafaka, na waliovijenga hawakuwa wasanifu. Walikuwa wafanyabiashara wa ngano, wahandisi na vibarua.

Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, ngano ya bara ikaanza kuletwa hapa kwa meli za ziwani, ihamishiwe kwenye mashua za mfereji na kupelekwa pwani. Ilipakuliwa kwa mabega ya watu, wengi wao Wairishi. Mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart na mhandisi Robert Dunbar wakajenga ghala la mbao lenye injini ya mvuke na mkanda uliofungwa ndoo. Ndoo zilishuka tupu ndani ya meli, zikapanda zimejaa, zikamwaga nafaka juu kabisa ya ghala. Ikishafika juu, nafaka hushuka yenyewe kwa uzito wake, popote utakapoielekeza. Ndiyo maana majengo haya ni marefu. Nakuomba tasnifu yako ianzie hapo, kabla hujamtaja msanifu yeyote.

Adui yao alikuwa moto. Mbao ni mbao, na vumbi la ngano likitanda hewani hulipuka kwa cheche moja. Walijaribu chuma, wakajaribu vigae. Kisha, mwaka 1899, karibu na Minneapolis, mfanyabiashara wa nafaka Frank Peavey na mjenzi Charles Haglin walianza kusimamisha mnara mmoja wa mviringo wa zege, ambao mwishowe ulifika kama mita 38. Watu waliuita upumbavu wa Peavey, wakisema zege litapasuka. Halikupasuka. Mnara huo umesimama hadi leo, na baada yake zege likaenea kila penye nafaka.

Umbo la mviringo nalo lina sababu, na hili nalipenda kuliko yote. Nafaka husukuma ukuta, lakini si kama maji. Punje hujisugua kwenye ukuta, hivyo sehemu ya uzito huteremka ndani ya ukuta wenyewe badala ya kulundikana chini. Mhandisi Mjerumani, Janssen, aliandika kanuni yake mwaka 1895. Ukuta wa duara husukumwa sawasawa pande zote, nondo zilizozungushwa ndani yake zikabeba mvuto, kwa hiyo hata ukuta mwembamba unatosha. Madirisha hakuna kwa kuwa hakuna anayekaa humo. Mapambo hakuna kwa kuwa hakuna mfanyabiashara ambaye angeyalipia.

Sasa njoo kwa mabwana wa Ulaya. Gropius alichapisha picha za maghala haya mwaka 1913, katika kitabu cha mwaka cha Deutscher Werkbund, chama cha wasanifu na wenye viwanda wa Ujerumani. Le Corbusier akazitumia tena katika kitabu chake cha 1923. Wakati huo hakuna kati yao aliyekuwa amekanyaga Amerika! Gropius alifika Marekani 1928, Le Corbusier 1935. Tena, ghala moja la Buenos Aires lilikuwa na mapambo ya pembetatu juu ya paa. Katika picha ya Le Corbusier yamefutwa, jengo lionekane tupu kama alivyotaka. Hilo linaniuma, maana aliwasifu wahandisi huku akiirekebisha kazi yao. Msanifu Mjerumani Erich Mendelsohn ndiye namheshimu: mwaka 1924 alikuja mwenyewe Buffalo na kamera yake.

Hata hivyo sisemi walinakili. Litazame jengo la Gropius la shule ya usanifu ya Bauhaus kule Dessau, Ujerumani, la 1926: vioo vitupu, wakati kihenge hakina hata dirisha. Walichopata katika picha zile, kwa maoni yangu, ni ujasiri. Waliona kwamba ukuta mtupu unaweza kuwa na heshima, na kwamba jengo laweza kupata sura yake kutokana na kazi yake. Andika hivyo, uwatetee Dunbar na Haglin, usiogope.

Mwaka 1959 njia ya meli ya St. Lawrence ilifunguliwa, meli zikaelekea baharini moja kwa moja bila kupita kwetu. Concrete Central, ghala lililotanda karibu mita 400 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, lilitelekezwa 1966. Great Northern, la 1897, lilibomolewa baada ya dhoruba ya Desemba 2021 kuangusha ukuta wake wa matofali, ingawa watu wa hapa walilipigania hadi mahakamani. Kiwanda kimoja bado kinafanya kazi, na upepo ukigeuka mji mzima unanukia nafaka.

Ukipata nafasi, nenda Cape Town. Ghala la bandarini lenye mirija 42, lililokamilika 1924, tangu 2017 ni jumba la sanaa la Zeitz. Mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick aliikata mirija kwa ndani, akaacha ukumbi wenye umbo la punje ya hindi iliyokuzwa. Ukiwa ndani utaona unene halisi wa ukuta kwenye ile mikato. Upime, uuchore, uuweke kwenye tasnifu. Na michoro nitumie na mimi.

Wako,
Rehema