YAH: Kuuziwa miche 24 isiyo yenyewe na kudhalilishwa kaunta

Columbus, Ohio

Kwa Meneja wa Kitalu,

Salaam. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo kwa adabu. Kazi ya kutafsiri naiacha kwenu.

Jumamosi ile ya Juni, mbele ya foleni ya watu, mfanyakazi wenu alikipindua chungu changu juu ya kaunta, akaubinya mzizi uliooza, kisha akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Umeuzamisha. Hapa si shamba la mpunga." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika risiti.

Mwezi Mei nilinunua kwenu vyungu 24 kwa dola 14 kila kimoja, vyote vikiwa na lebo ya lobelia kadinali, ua jekundu la kudumu ambalo lebo yenyewe ilieleza kwamba hutaka udongo wenye unyevu wakati wote. Kwa hiyo niliipanda miche hiyo bondeni nyuma ya nyumba, pale maji ya paa yanapotuama, maana asili ya ua hilo ni kingo za vijito, na kolibri wa koo jekundu, ndege wa gramu tatu hivi, hulifuata kwa mdomo wake mrefu unaoingia barabara katika mrija wa ua. Nimekua nikitazama ndege chozi wakifyonza maua ya mgomba, na nilitaka binti yangu naye apate wa kuwatazama.

Miche 21 ilioza. Mitatu iliyokuwa juu, kando ya mawe, ilichanua mwisho wa Juni, na hapo ndipo nilipouona ukweli: majani membamba ya kijivu yasiyo na meno, na maua yanayoning'inia, mdomo wa chini umekunjwa nyuma. Lobelia kadinali ina majani mapana yenye meno na huchanua kuanzia Julai. Mliniuzia penstemoni, ua la nchi kavu yenye mawe. Kolibri hulipenda pia, sibishi, lakini mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Aliyeiua miche ile ni lebo yenu.

Sasa rudini nami kaunta. Mfanyakazi aliyelipwa kuijua mimea aliushika mche mkononi, majani mawili yakiwa bado mabichi, lebo ikiwa bado imechomekwa kwenye udongo, naye badala ya kulinganisha hivyo viwili akanitazama mimi, akataja mpunga, kisha akaufagia udongo kwa kiganja ukamwagikia viatu vya binti yangu. Njiani mtoto aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeyaua maua.

Siku ile ningeridhika na dola zangu 336. Baada ya simu nne zisizojibiwa, nadai fedha hizo, pamoja na miche 24 ya lobelia ya kweli ifikapo mwanzoni mwa Septemba ili ishike mizizi kabla ya baridi kali, pamoja na barua ya kuomba radhi iliyosainiwa nanyi na mfanyakazi huyo, ikiwa na jina la binti yangu. Miche mingine yenye lebo hiyo iondoeni mezani leo.

Nawapa siku 14. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, na mimi nitakwenda mahakama ya madai madogo nikiwa na risiti, lebo zote 24 na picha. Ile miche mitatu sitaing'oa, ni ushahidi.

Mteja wenu wa zamani