Uliza pesa kapokea nani

Mwanangu Rehema,

Mtaa mzima unajua unakwenda kufundisha Kiingereza Phayao, kaskazini mwa Thailand. Mdomo wangu haukufungika. Ila kuniambia tiketi ikiwa imeshakatwa, hapo hukunitendea haki.

Nina neno moja. Mwaka wao wa shule unaisha Machi, unafunguliwa katikati ya Mei. Hapo katikati ndipo dalali wa kazi anapowapitia wasichana waliomaliza Mathayom 3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari yao, wana miaka 15 hivi, maana elimu ya lazima inakomea hapo. Usitazamie jambazi. Mara nyingi ni mama wa hapo hapo kijijini aliyerudi kutoka Bangkok, anayechangia hekalu vizuri. Anawaachia wazazi pesa ya mbele, ya mbolea au ya bati. Kisha nauli, nguo, chumba na simu vinaandikwa juu ya binti, pamoja na riba. Anafika kazini tayari anadaiwa, na huo mgahawa alioahidiwa kumbe ni baa. Basi kiti kikibaki kitupu, usiulize kaenda wapi, utajibiwa "kazini". Uliza pesa kapokea nani, na kitambulisho chake anacho nani.

Wazazi wenyewe usiwaone makatili. Mvulana hulipa fadhila za mama kwa kuingia utawa, hata kwa msimu mmoja wa mvua. Wanasema mama hushika pindo la joho lake la njano akapanda naye peponi. Msichana hana njia hiyo, wakuu wa watawa walikataza tangu 1928. Kwake fadhila ni pesa.

Sheria yao ya kazi ya 1998 inakataza mshahara wa aliye chini ya miaka 18 kupewa mtu mwingine, na pesa waliyotangulizwa wazazi haikatwi kwenye mshahara wake. Usiku, saa 4 hadi saa 12 asubuhi, hafanyi kazi bila kibali. Baa hata mchana marufuku. Yule dada aliyekulea, mshahara wake nilikuwa nampa mjomba wake. Ndivyo tulivyozoea.

Usiwavamie wazazi nyumbani, watakufungia mlango. Nenda na mwalimu wa darasa, mwenyeji. Namba ya simu ya kuomba msaada ni 1300, inapokelewa saa 24. Lakini kwanza uliza pesa kapokea nani.

Beba kanga mbili, hekaluni mabega hufunikwa. Fundi wa tangi hajarudi tangu Jumanne, na baba yako kashampa nusu. Ufunguo wa stoo umekwenda nao Dar? Mchele umo humo.

Mama