Mwanangu, simu niliizima mwenyewe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Genova, huku Italia, nyumbani kwa mama yako mdogo. Mimi ni mzima, magoti tu yanauma, na sababu yake utaisoma mbele. Nimeambiwa ulipiga simu mara kumi na moja Jumatano ile, ukamwambia mama mdogo kwamba ameniacha nipotee katika nchi ya watu. Usimlaumu. Simu niliizima mwenyewe na safari niliipanga mwenyewe. Nimekaa siku 5 kando ya bahari, peke yangu, na nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa huniachi nimalize.

Mama mdogo kazi yake ni ya zamu za usiku, mchana analala. Wiki mbili nilikuwa nakaa dirishani nikitazama nguo za majirani zikikauka. Asubuhi moja nikachukua begi dogo, nikakata tiketi ya treni ya kwenda upande wa La Spezia. Kwa saa moja na nusu hivi unafika Cinque Terre, ndiyo kusema nchi tano: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Ni vijiji vitano vilivyobanwa kati ya mlima na maji, nyumba za rangi ya chungwa, ya waridi, ya njano, zimepandiana kama watu wanaochungulia kitu. Reli imetoboa mlima. Unapita gizani, ghafla bahari inakumulika usoni, kisha giza tena.

Pale Vernazza behewa langu lilisimama ndani ya handaki. Mlango ukafunguka, nje giza na ukuta wa mawe unaotiririka maji. Nilishtuka, nikadhani treni imeharibika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanionyesha kwa kidevu nishuke tu. Nikatembea nikishika ukuta, nafuata mwanga, na mwisho wa ukuta nikakuta kijiji kizima, kanisa limekaa ufukweni kabisa, mashua zimepandishwa hadi uwanjani karibu na meza za watu wanaokula. Nilisimama pale muda mrefu. Hakuna aliyeniuliza ninasubiri nani.

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Lilitokea Monterosso, siku ya pili, mchana. Niliingia kwenye mkahawa mdogo, nikainua kidole kimoja, mhudumu akanipa meza ya kando ya mlango. Niliagiza dagaa wa pale, wanaitwa acciughe. Huvuliwa usiku kwa taa, kama wale wa Kigoma na karabai zao. Wengine huwatia chumvi kwenye mapipa, wengine huwaloweka katika maji ya limau hadi nyama igeuke nyeupe, na malimau ya Monterosso yanakua hapo hapo nyuma ya nyumba. Mimi nililetewa wa kukaanga. Wakaja wakichemka, mafuta bado yanasema juu ya sahani, kipande cha limau pembeni. Nikanyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Unajua nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri wengine wapakuliwe.

Mwanangu, miaka 34 nimepakua chakula katika nyumba ile. Nikaanza na baba yako, Mungu amrehemu, wakafuata wageni, mkafuata ninyi, mwisho mimi na ukoko wangu. Silalamiki, ukoko naupenda na nyumba ile niliipenda. Lakini hadi siku ile sikuwa najua kwamba karibu kila nilichokula maishani nilikikuta kimepoa. Nikamkamata dagaa wa kwanza kwa mkono, akaniunguza ulimi, nikaendelea. Nilikula sahani nzima bila kuinuka. Baada ya hapo nikaagiza nyingine.

Kuanzia hapo nilikula kama mtu aliyetumwa. Asubuhi focaccia, mkate mpana wenye vishimo vilivyojaa mafuta ya zeituni na chumvi, unauzwa kwa kukatwa kipande na unaliwa ukitembea. Jioni moja nilipata farinata, unga wa dengu uliokorogwa na maji, mafuta na chumvi, ukamwagwa kwenye sinia pana la shaba na kutiwa katika tanuri la kuni. Ni bajia iliyoamua kuwa chapati! Na ile rojo yao iitwayo pesto, ambayo mama mdogo hununua ya chupa, kumbe ni mrihani. Mrihani huu huu wa kwetu, ila majani yao ni laini zaidi. Hutwangwa kwenye kinu cha marumaru kwa mchi wa mti, pamoja na kitunguu saumu, chumvi, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni.

Magoti yaliumia Corniglia. Kijiji hicho hakigusi bahari, kimekaa juu ya jabali kiasi cha mita 100, na kutoka stesheni unapanda ngazi zaidi ya 370. Nilipanda nikipumzika kila kona, na huko juu ndiko nilikokutana na mizabibu.

Milima ile imekatwa matuta kuanzia kileleni mpaka karibu na mawimbi, na kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Wewe umekulia Dodoma, umeyaona makorongo ya Kondoa, unajua udongo ukiachwa unakwenda wapi. Hawa waliukamata. Lakini vijana wengi wameshahama, na penye shamba lililoachwa ukuta hubomoka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa iliporomosha mlima, tope na mawe vikafunika milango ya maduka ya Vernazza na Monterosso. Ukitembea sasa huwezi kujua.

Ilikuwa Septemba, wanavuna. Mzee mmoja alikuwa akipakia kreti kwenye kijigari kinachopanda mlima kwa reli moja nyembamba, maana hapapiti gari wala punda. Nilimwamkia kwa kichwa. Kulikuwa na kreti pembeni yangu, na mkono wangu ukaenda wenyewe: nikainua kichala, nikakigeuza, nikazing'oa punje zilizooza kwa ukucha wa kidole gumba bila kuzigusa nzima, kama babu yako alivyonifundisha Bihawana. Mzee akaacha kazi, akanitazama mikono, kisha akanisogezea kreti nyingine. Tulichambua kreti nne. Kiitaliano sijui, lakini nilimwonyesha vidole viwili na kuigiza kuvuna, nikasema Afrika, Tanzania, Dodoma, mara mbili kwa mwaka. Hakuamini. Akamwita mkewe aje asikie.

Vile vichala tulivyochagua havikukamuliwa siku ile. Hutandazwa kivulini penye upepo hadi vinyauke, na havikamuliwi kabla ya tarehe 1 Novemba. Mvinyo wake unaitwa sciacchetrà, wenyewe wanatamka shaketra. Kilo 100 za zabibu hazitoi hata lita 40. Mkewe alinipa wa miaka ya nyuma, kwenye glasi ndogo kama ya dawa. Ni mtamu, una harufu ya asali na maganda ya chungwa yaliyokauka, na mwishoni kuna chumvi kidogo ya bahari.

Babu yako alilima zabibu maisha yake yote. Nakumbuka msimu ambao mnunuzi hakuja, na yeye akakaa siku tatu mlangoni akiwafukuza nyuki kwenye makreti. Mvinyo uliotokana na zabibu zake sikuwahi kumwona akiuonja hata mara moja. Nilikaa juu ya ukuta wa yule mzee na glasi yangu, bahari chini ya miguu, nikanywa polepole sana hadi jua likazama. Hiyo ndiyo Jumatano uliyokuwa ukinitafuta.

Nakuletea chupa moja ndogo. Tutainywa wawili, mezani, tumekaa.

Desemba nataka kwenda Kilwa, siku nne, peke yangu pia. Nisindikize hadi Mbagala Rangi Tatu, unipandishe basi, urudi kazini. Mchana usinitafute, usiku nitakupigia. Na usinifungie maandazi ya njiani. Nitakula nikifika Kilwa Masoko, samaki akiwa bado anatoka kwenye mafuta.

Mama yako